Mchoro Ulioishia Kwenye Kibofu

Kibabii, Bungoma
2 Machi 1989

Kwa Mama Nasambu,

Pokea salamu zangu, na za mama mkwe wako Rispa, na za wote wanaokula katika nyumba hii. Sisi tuko wazima kwa kipimo cha wazee. Mvua haijaanza, lakini mawingu yanakusanyika upande wa mlima na watu wameshalima wanangoja kupanda. Yule ng'ombe mwekundu uliyempenda amezaa ndama jike. Nasambu hajambo? Mwambie babu anauliza kama siku hizi anasoma bila kufuata mstari kwa kidole. Na wewe, zamu za huko Kitale hazikuchoshi? Wazazi wako wasalimie sana.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Baba mkwe hamwandikii mke wa mwanawe. Akiwa na neno humpa mkewe, na mkewe hulifikisha likiwa limepoa. Tangu Sitati akulete hapa hatujawahi kushikana mkono mimi na wewe, wala hujawahi kupita mbele yangu nikiwa nimekaa. Hiyo ndiyo heshima, kwetu na kwenu. Lakini neno la leo haliwezi kupitia kinywa cha mtu mwingine. Niache nilieleze kwa mpangilio, hata yale unayoyajua, kwa sababu mwalimu haanzii somo katikati.

Nilifundisha sayansi darasa la saba mpaka nywele zikaniisha. Kila mwaka tulipofika kwenye mfumo wa mkojo nilichukua chaki nikachora figo mbili kama maharagwe makubwa, moja juu kidogo kuliko nyingine. Nikachora mirija miwili ikiteremka, ureta, kisha nikachora kibofu. Hapo nikaweka chaki chini. Wasichana walikuwa wameinama, wavulana wanakanyagana chini ya madawati, na mimi nikawaambia kwamba kilichobaki kila mtu anakijua kwake. Majina yote tuliyataja kwa Kiingereza, maana lugha ya wageni haina aibu; ungetaja kitu hicho hicho kwa Kibukusu, wazazi wangekufuata shuleni na fimbo. Basi watoto wengi wamepita mikononi mwangu wakijua mkojo unatengenezwa wapi na unakaa wapi, ila hawajui unatokaje. Kwamba pale chini ya kibofu, mahali nilipokuwa naishia, mwanamume ana tezi inayozunguka njia ya mkojo, na kwamba uzeeni tezi hiyo hunenepa ikaikaba njia, mimi mwalimu nilikuja kuambiwa nikiwa kitandani.

Mwaka jana wote nilikuwa nasimama chooni muda mrefu. Mkojo ulikuja kama uzi, ukakatika, ukaanza tena. Nikasema ni uzee. Rispa sikumwambia. Mtu aliyesimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, ataanzaje kusema ati kukojoa kumemshinda?

Kisha ikaja ile Jumapili ya Oktoba, mahindi yakiwa yanavunwa, mkojo ukakataa kabisa. Rispa aliponiuliza naumwa wapi nilisema tumbo. Kwetu mzee wa heshima ana tumbo tu. Kutoka kitovuni kwenda chini hana kitu. Basi akanitibu tumbo. Alichemsha dawa ya mizizi, akanipa uji, akanipa chai, na mimi nikanywa vyote, kila kikombe kikaenda kuongeza shida palepale. Majirani wakaja wakasema nimefungwa na mtu kwa uchawi, na majina yakaanza kutajwa. Ndivyo alivyokufa Mukhwana, mwenzangu niliyetahiriwa naye. Alisema tumbo mpaka mwisho, tukamzika na tumbo lake, na hadi leo jirani yake hasalimiwi kwa kosa ambalo sasa nadhani lilikuwa la tezi.

Ni Sitati aliyenitoa. Alikuja na trekta ya chuo cha wakulima cha Mabanga, akatandika godoro kwenye trela juu ya magunia matupu, akanipeleka hospitali ya misheni ulikokuwa ukifanya kazi. Barabara ile unaijua. Kila shimo nililihesabu kama dhambi. Tulipofika, Sitati aliambiwa angoje nje.

Daktari alikuwa likizo, na Bwana Thuo, msaidizi wake, alikuwa ameondoka na gari la hospitali kumpeleka mama aliyeshindwa kujifungua. Alikuwapo Sista Peris, ndiyo kwanza ametoka chuoni. Alijaribu kupitisha mpira wa kutoa mkojo, ukagonga pale penye tezi ukakataa, damu ikatoka, akauchomoa. Nilimsikia akinong'ona mlangoni kwamba gari halijulikani litarudi lini, na kwamba mkojo ukikosa njia hurudi juu kwenye figo na sumu ikabaki mwilini. Akaingia nesi mwingine, kitambaa kimemfunika mdomo na pua, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Hakusema neno. Alipitisha mpira polepole, akingoja, akisogeza, akingoja tena, mpaka nikasikia maji yanaanguka kwenye beseni. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile, hata kanisani.

Nilimshukuru Sista Peris kwa jina, na mpaka juzi nyumba hii yote ilijua kwamba Peris ndiye aliyeniokoa. Rispa alimpelekea jogoo. Wanasema yule msichana alimpokea huku anaangalia chini.

Tangu siku ile natembea na mpira, mfuko wake nimeuficha ndani ya koti la mvua hata jua likiwaka. Bwana Thuo hunibadilishia. Ameniambia mpira si dawa ya kudumu, kwamba baada ya Pasaka lazima nipasuliwe tezi ile ikatwe. Alisema wengi huamka vizuri. Hakusema wote, nami sikumuuliza.

Sasa nije kwako. Mwezi haukuisha ukaomba kuhamia Kitale. Ulimwambia mume wako ni mambo ya kazi. Krismasi ulimleta Nasambu mpaka njia panda, ukamkabidhi kwa shangazi yake Jentrix pamoja na blanketi langu na sukari ya Rispa, ukageuka. Nilikuwa nyuma ya ua nikakuona. Ulisimama ukaitazama nyumba muda mrefu, halafu ukajifuta uso kwa leso ukaenda zako. Watu wa hapa nao hawakosi la kusema. Ati umepata mshahara, sisi tumekuwa wachafu kwako. Sitati alikutetea, akachoka, akanyamaza. Mwezi uliopita aliniambia kwamba mke asiyetaka kukanyaga boma lenu huwezi kumfunga kamba, na kwamba atakwenda kwa baba yako kuulizia ng'ombe wa mahari. Usiku huo sikupata usingizi. Niliona kwamba kimya nilichodhani ni heshima kinavunja nyumba ya mwanangu, na kwamba nikifa pale kwenye meza ya upasuaji utalibeba jambo hili peke yako, na matanga yangu utayatazama kutoka njia panda.

Mama Nasambu, nilikujua.

Nilikujua kabla hujagusa shuka. Manesi wengine wote walipita mbele ya macho yangu kama wanavyopita mbele ya mgonjwa yeyote. Wewe ulizunguka upande wa kichwani, ukainama kidogo, ukageuza uso ukutani kwanza. Hakuna nesi anayemwendea mgonjwa hivyo. Anayekwenda hivyo ni mkazamwana. Ulificha uso wako wote, lakini adabu ulishindwa kuificha.

Na nilijua kwamba nikitaja jina lako, au nikishtuka tu, utauweka ule mpira chini ukimbie, na mimi nitakufa nikiwa na heshima yangu yote. Kwa hiyo nilifumba macho nikajifanya homa imenipanda kichwani, nikakuita Sista Peris. Peris mwenyewe alikuwa upande wa pili ameshika beseni. Nilimsikia akivuta pumzi kutaka kunisahihisha, kisha akanyamaza, Mungu ambariki. Nikakuita hivyo tena, kwa sauti, ili usikie vizuri. Ndipo mkono wako, uliokuwa umesita, ukaanza kuusogeza mpira.

Umekuwa ukidhani unanificha mimi, kumbe tulikuwa tunafichana wote wawili.

Najua mila inasemaje juu ya mkazamwana aliyemwona baba mkwe wake vile. Wazee watataka mbuzi wa kutakasa, na maneno mengi juu ya mbuzi. Mimi si mtu wa kudharau mila. Ni yangu, nimezeeka nayo. Lakini nimelipigia hesabu jambo hili kama mwalimu. Walionishika vile, nikiwa sina nguvu hata ya kujifunika, wakanirudishia uhai, ni wawili tu duniani: aliyenizaa na wewe. Aliyenizaa hakuna mzee aliyemdai mbuzi.

Juzi nilimwita Sitati nyuma ya ghala. Nilichukua mkaa nikachora ukutani figo, ureta na kibofu, na safari hii sikuishia hapo. Nilichora tezi, nikachora njia mpaka nje, nikataja kila kitu kwa Kibukusu, maana naye atazeeka na tezi anayo. Nilipomaliza nikamwambia ni mkono wa nani uliopitisha mpira. Alikaa juu ya jembe la kukokotwa. Kisha akaniuliza kama niliumia sana. Halafu akaniuliza kama ninaweza kuandika leo, kwa sababu anataka kuileta barua mwenyewe. Habari ya ng'ombe hajaitaja tena. Rispa naye nimemwambia. Alilia, akajifuta, akasema basi kuna jogoo mwingine anakungoja.

Kwa hiyo huyo aliyekupa barua hii anajua yote. Kama bado amesimama mlangoni, mwambie aketi umpe chai. Amekuja kuomba msamaha, na kuomba hakujui vizuri.

Njooni wote watatu kabla ya Pasaka. Nitakuwa nimekaa pale barazani, na koti langu. Usizunguke nyuma ya nyumba kupitia jikoni. Pita mbele, nikuone.

Wape wazazi wako heri zetu, na Nasambu mshikie kichwa kwa niaba yangu. Mungu awalinde njiani.

Ni mimi mwanao,
Erasto Muyundo