Ekzosi ya Felix na Masikio ya Shangazi

Langas, Eldoret
4 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Habari ya Moi's Bridge? Mimi mzima, ni baridi tu ya asubuhi inatusumbua huku. Masikio je? Najua simu hutaki tena kwa sababu unasikia mkwaruzo tu, kwa hivyo barua hii nampa Wabuge akirudi huko na lori lake la mahindi. Nimefurahi sana kliniki ya masikio wamekupa tarehe ya Aprili. Ukishavaa kifaa chao cha kusikia tutaongea mpaka unichoke.

Sasa usinicheke. Nataka kubadilisha ekzosi ya Subaru. Hii iliyokuja nayo inalia kama kinu cha posho. Kwa fundi Shitanda hapa Langas kuna tatu zimetundikwa ukutani, na kila nikitoka kazi napita kuziangalia kama mtu anayechumbia. Ya kwanza ni bomba jembamba, inalia juu juu, nyiiii, inaumiza kichwa. Ya pili ni bomba pana, na ukiachilia mafuta inapasuka pa-pa-pa! Vijana wote wanageuka. Ya tatu ina sailensa mbili za kumeza sauti, hiyo inahema tu. Shitanda anasema ya tatu ndiyo ya mtu mzima, lakini roho yangu iko kwa ya pili. Wewe umefundisha kwaya miaka yote hiyo, unasemaje?

Na usisahau Machi tunaenda Sugoi kwa kina Purity kuomba mchumba. Baba angekuwa hai angenisemea yeye. Sasa ni wewe.

Mtoto wako,
Felix


Moi's Bridge
15 Februari 2024

Felix mwanangu,

Barua imefika ikinuka dizeli ya Wabuge. Mimi sijambo, ni goti tu. Masikio ni yale yale. Juzi mchungaji alimaliza kuomba kitambo, watu wakakaa, mimi bado nimesimama nimefumba macho. Na wewe unakula vizuri, ama ni chai na mandazi tu?

Nimecheka, lakini sasa nisikilize. Kwenye kwaya yangu, mwenye besi nzuri hakuwahi kupiga kelele. Alijaza chumba na hukujua ni nani. Funga ile ya tatu. Hiyo ya pa-pa-pa ni ya mtu anayetaka kuangaliwa.

Tena kuna jambo. Baba yake Purity amenitumia ujumbe. Krismasi ulimrudisha msichana nyumbani na gari la rafiki yako, mkanguruma hadi langoni saa ya kukamua, ng'ombe akapiga teke ndoo ya maziwa. Mzee anauliza, kijana huyu akiambiwa neno anasikia kweli? Nimemjibu kwamba utakuja na gari la kimya, na kwamba nakudhamini mimi mwenyewe. Usiniaibishe, Felix.

Shangazi yako,
Jepkemboi


Langas
1 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Goti linaendeleaje? Huku tuko salama, tunangoja mvua.

Nimefanya vile ulisema. Shitanda amefunga ile ya sailensa mbili. Inahema tu, hata mimi wakati mwingine nafikiri imezima. Jumamosi tarehe tisa nitakuja kukuchukua asubuhi. Vaa kile kitenge cha kijani.

Mtoto wako,
Felix


Moi's Bridge
18 Machi 2024

Felix mwanangu,

Uko salama? Mimi leo hata goti nimelisahau. Keti kwanza.

Siku ile uliponijia nilikuwa kwenye benchi la veranda, mgongo kwa barabara, vile hukaa nikikimbia jua. Felix, nililisikia gari lako! Hata hujafika langoni. Kwa mbali, kama mtu anayeguna, hapa kifuani na hapa masikioni. Sikukwambia, niliogopa ni mawazo yangu. Lakini njia nzima hadi Sugoi nililisikia. Nikawaza, ikiwa gari linalohema tu linanifikia, basi masikio yanarudi!

Jana nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Akina mama walipiga vigelegele, au angalau niliona midomo. Nimewaambia watu wa kliniki nafasi yangu ya Aprili wampe mtu mwenye shida zaidi. Mungu ni mwema, mwanangu. Nimelia kama mtoto.

Kwa kina Purity naona tulifanya vizuri. Niliposema, "Mmesikia wenyewe gari lilivyokuja kimya, kijana wetu akiambiwa anasikia," nyumba nzima ilitulia. Mzee akaangalia chai yake. Watu wana heshima wale. Ila jibu bado halijaja. Purity amekwambia nini?

Shangazi yako,
Jepkemboi


Moi's Bridge
29 Aprili 2024

Felix,

U mgonjwa? Wabuge anasema barua yangu alikupa mkononi, na kwamba hujambo, unatembea.

Tarehe ya kliniki imepita. Sikujuta, lakini kuna kitu sielewi. Redio siisikii. Mvua imenyesha juu ya mabati juzi, nikaiona kwenye dirisha tu. Ni gari lako peke yake nililolisikia. Hebu njoo nilisikie tena, labda ni kuanza polepole.

Shangazi yako,
Jepkemboi


Langas
12 Mei 2024

Shangazi,

Leo siulizi habari, sistahili kujibiwa. Hii barua nimeiandika na kuirarua sijui mara ngapi.

Masikio yako hayajarudi. Ni gari yangu. Nilifunga ile ya pili.

Haki ya Mungu nilienda kwa Shitanda kuchukua ya tatu. Halafu nikamwomba aniwashie ya pili mara moja tu, kuaga. Vijana wakageuka, nikashindwa. Akanipa kizibo cha kuingiza kwenye mdomo wa bomba, kinapunguza sauti, kinashikwa na bolti moja. Nikasema siku ya Sugoi nitaweka hicho na hakuna mtu atajua. Nikakuandikia uongo. Njiani nikija kwako mashimo yakakitikisa kikaanguka, sikukipata tena. Nilifika nikinguruma. Ukageuka, ukatabasamu, na mimi nikajiambia: hasikii, twende tu. Hivyo ndivyo nilijiambia, Shangazi. Hasikii.

Sugoi ndama walishtushwa na ngurumo wakavunja ua. Mama yake Purity alitoka ameziba masikio. Wewe ukashuka na kitenge chako ukawasalimu mmoja mmoja. Na uliposema gari ilikuja kimya, hakuna aliyekucheka. Walikuonea huruma. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Purity aliniangalia mara moja tu, na tangu siku hiyo hashiki simu yangu.

Kibaya zaidi ni hiki. Barua yako ya ushuhuda ilinifikia tarehe ya kliniki ikiwa bado. Ningeweza kuja siku hiyo hiyo nikwambie. Niliogopa uso wako, nikakaa kimya mpaka tarehe ikapita. Nauonea aibu hata mkono huu unaoandika. Unisamehe, usinisamehe, lakini rudi kliniki.

Sijui kama bado naruhusiwa kuandika mtoto wako.

Felix


Langas
20 Juni 2024

Shangazi,

Unaendeleaje? Wabuge anasema uliisoma barua umesimama, ukaitia mfukoni, ukaendelea kuchambua maharagwe.

Shitanda ameing'oa ile ya pili. Sasa nina ya sailensa mbili, kweli. Najua neno langu halina bei kwako, mwulize Wabuge. Nilienda kliniki kukuombea tarehe, wakasema mgonjwa aulize mwenyewe.

Felix


Moi's Bridge
14 Julai 2024

Felix,

Huko mko wazima? Mimi goti limerudi kunisumbua.

Nilikasirika miezi hii yote. Uongo watu husema, hata mimi nimewahi. Lakini wewe ulichukua uziwi wangu ukajifichia ndani yake. Hilo liliniuma, na bado linauma, sitakudanganya.

Nilisimama tena kanisani, mahali pale pale. Nikawaambia masikio hayajarudi, nilichosikia ni ekzosi. Sikutaja ya nani. Hakukuwa na haja, nilikulea mbele ya macho yao. Ulikuwa mwendo mrefu sana kurudi kwenye kiti.

Kisha nikaenda Sugoi peke yangu. Nikamwambia Mzee kwamba nilidhamini kitu nisichokisikia. Nilimwomba ajibu kwa kuandika, akaandika nyuma ya kalenda: "Tulijua, Mama. Hatukutaka kukuaibisha. Pata masikio kwanza, ulisikie gari hilo mwenyewe, ndipo uje umsemee." Purity alinisindikiza hadi barabarani akinishika mkono. Hakuandika kitu, nami sikumwuliza. Hiyo ni kazi yako.

Kliniki wamenipa tarehe sita Agosti. Utanipeleka wewe. Nitakuwa kwenye benchi, mgongo kwa barabara. Kama gari ni la kimya kweli, sitajua umefika. Usipige honi. Shuka, uje unishike bega.

Shangazi yako,
Jepkemboi