Nyungu ya chini ya muti wa mupaka

Mbau, siku ya posho

Mama wangu mupenzi,

Wavukire. Nakusalimia na asubui, juu sijue hii barua itakufikia saa gani, mais niko naandika na jogoo ya mama mukwe iko inalia. Uliamkaje? Mugongo inakusumbua tena na ile baridi ya Alimbongo? Unavaa ile koti yenye kaka Paluku alikununulia, ao uliisha kuifungia mu sanduku ingoje Noeli? Nakujua. Sisi huku tuko. Siwezi kuandika «tuko bazima», juu mutoto hapana kudanganya mama yake. Tuko.

Simu haipiti depuis antenne ya hapa iliungua. Njo mana naandika sawa vile nilikuwa nakuandikia zamani ku internat. Batoto benye banakuletea hii barua, Masika na mudogo wake Muhindo, bako mbele yako sasa. Ubape kwanza chakula, kisha usome. Muhindo atasema hana njaa. Ni bongo, iko nayo.

Najua uko unaniangalia nyuma yao ku barabara. Sikukuya, Mama. Utakasirika. Kasirika ukiwa umekaa, nikuelezee.

Kambale hajarudi. Ulisikia kama alienda kuvuna kakao na jirani wawili, mu shamba letu la upande wa pori. Bale wawili balionekana, tukabazika nyuma ya chapelle. Bwana yangu hakuonekana, muzima ao maiti. Batu bengine banasema bale bauaji ba pori banachukuaka banaume kwa kubeba mizigo mu pori, na kisha miezi mingi kuko benye banarudiaka, mifupa na ngozi. Bengine banasema nifunge kitambaa nyeusi, niache kujisumbua. Nilibajibu: munioneshe kaburi, njo nitafunga kitambaa. Tangu ile siku banazungumuza nikiisha kupita.

Sasa juma iliyopita batu ba vijiji vya juu balianza kupita hapa na magodoro ku kichwa. Ukiona magodoro, hapana haja ya kuuliza kitu. Mukaka, mama ya Kambale (batoto njo balimuita vile, na mimi nikafuata), akaniambia tufiche vyombo, juu mwenye kukimbia na masufuria hakimbie, anapiga ngoma. Tukachagua chini ya muti wa mupaka, wenye unatenganisha shamba letu na shamba la Mama Espérance. Pale hakuna mutu analimaka: ukigusa mizizi ya muti wa mupaka na jembe, ni kesi kwa chef. Na muti kama ule haupotee, ata nyumba ikiungua utauona. Tulizani tuko na akili kupita batu bote.

Jembe halikushuka ata kimo ya magoti, likagonga plastiki. Ilikuwa bidon ya bleu, imekatwa na kufunikwa tena na kamba. Ndani kulikuwa radio, nguo za mutoto muchanga zimekunjwa muzuri sana, na kikwembe cha mariage. Nilikijua kile kikwembe. Mama Espérance alikivaa siku ya ubatizo wa Masika. Yeye na batu ba nyumba yake balikimbia mwaka Muhindo alizaliwa, na mpaka leo hakuna mutu amewaona, ata Oicha, ata Beni. Tulikuwa tunasema, bale jirani baliachaka nyumba na kila kitu. Kumbe balificha. Tukarudisha bidon polepole, tukasogea upande wa chini.

Kule, Mama, tukachimba zaidi, na jembe likalia juu ya chuma. Masahani ya zamani ya chuma yenye rangi nyeupe, imepangwa moja ndani ya ingine, kutu imeyashikanisha. Machine ya kusaga kahawa. Medali ya Bikira Maria. Na bakuli moja yenye ua la bleu, imevunjika rangi ku mudomo. Nilikuwa nacheka, nikamuambia Mukaka, leo tunakuwa bacommerçants. Alikamata ile bakuli, akaipangusa na kitenge, akapitisha kidole pale ku mudomo penye rangi ilitoka. Kisha akakaa mu udongo, miguu yote mbele, sawa mutoto.

Akasema: «Hii njo nilikuwa nakulia bugali.»

Unajua mambo ya ba-Simba, bale waasi ba kisha indépendance, kunipita. Mukaka alikuwa kadogo. Mama yake alificha vyombo, akakamata batoto, bakaingia mu pori, na kule mu pori homa ikamuua mbele aseme ni muti gani wa mupaka. Vita ilipoisha, ule mutoto akarudi peke yake. Maisha yake yote alichimba chini ya miti ingine, za shamba la baba yake na za bajomba. Hii ilikuwa ya jirani, kwabo na bwana yake mwenyewe. Kila siku alipita pale na kitunga cha mihogo ku mugongo. Sikumuona akilia siku Kambale alipotea. Hapo alilia, na mimi nikalia naye, na hatukusema kwa ajili ya nani.

Njo nilitaka tuache. Yeye akasema hapana, tuendelee, masufuria haijizike yenyewe. Tukachimba upande wa tatu, karibu na muzizi mukubwa. Udongo kule ni mweusi. Tukakuta jiwe la kusagia, limechakaa katikati, limewekwa juu ya nyungu ya udongo iliyopinduliwa, mudomo chini. Nyungu ya kazi muzuri, na mistari ku shingo, sijaona mutu wa leo anatengeneza vile. Chini yake jembe kadogo ka chuma, karibu kaishe, na bangili. Nilimuuliza Mukaka ni ya nani. Ya babu? Akasema hajue. Baba ya bwana yake njo alikata pori hapa, na alikuwa anasemaka hakukuta mutu. Kumbe kulikuwa batu, na bao pia siku moja baliona magodoro inapita, ao ile kitu balikuwa nayo mu nafasi ya magodoro. Balichagua ule ule mupaka. Balipindua nyungu sawa vile mimi nilitaka kupindua sufuria yangu.

Nilisema, hawa hawakurudi.

Mukaka akasema: «Balikimbia bote pamoja. Hawakuacha mutu wa kujua.»

Nilisikia baridi, Mama, na ilikuwa saa sita ya muchana. Juu mimi nilikuwa nimeisha kupanga tukimbie bote: mimi, batoto, Mukaka ku mugongo kama atakataa. Mpaka jioni nilikuwa nimejua. Mukaka hataondoka, magoti yake hayafike ata Beni. Na Kambale akitoka mu pori, mifupa na ngozi, akute nani? Akute mulango wazi na hakuna mutu wa kumuambia batoto bako wapi?

Donc nitabaki na Mukaka. Batoto bakuye kwako. Hapana kutuma Paluku anikamate kwa nguvu. Akikuya nitamupikia sombe na atarudi peke yake.

Vyombo tulizika. Pamoja na bakuli ya ua? Hapana. Ile Mukaka anakulia sasa kila siku, na anakataa niioshe na muchanga.

Mama wa catéchiste njo atapeleka batoto mpaka Butembo mu camion ya kakao, kule Paluku atabapokea. Ukimuona ule mama, umushukuru, wasingya kutsibu, ata kama hanipende sana. Unisalimie kaka Paluku, na bibi yake mwenye anacheka mbele ya kusikia neno. Unisalimie shangazi wa Musienene, umuambie mbegu ya maharagi yake iliota muzuri, tulikula majani. Mujomba mwenye ananisemeaka nilichagua bwana wa mbali, naye umusalimie.

Kitu kimoja tena, na ni hiki nakulomba zaidi ya vyote. Masika anajua ule muti. Nilimupeleka, nilimuonesha upande gani ni wa Mama Espérance, upande gani ni wa Mukaka, upande gani ni wetu. Siandike hapa, juu barua inaweza kuanguka mu mikono ya batu ku barrière. Kila jioni, mbele ya kumupa chakula, umuulize. Akijibu vibaya, umuulize tena. Na siku atachoka, akulilie wewe nyanya yake, aseme, tate, unaniuliza kila siku kwa nini, umuelezee ile nyungu ya chini, yenye hatujue ni ya nani.

Mutoto wako mwenye kichwa nguvu,

Katungu