Mmea wa Dirishani kwa Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili jioni

Mpendwa Kitinda wetu,

Hujambo, wewe na wifi? Mapacha wameshaanza kutembea? Huku miili yetu ni mizima. Roho yangu ndiyo inachemka, na nisipokuandikia leo nitapasuka.

Unaukumbuka ule mmea wa kutambaa dirishani kwa Mama, wa maua ya asali tuliyokuwa tukiyafyonza utotoni? Kaka ameung'oa. Alikuwa anapaka ukuta rangi, akaona unamsumbua. Hakumuuliza mtu.

Nilipomjia juu, akaleta mwingine kutoka kwa muuza miche, kifua mbele. Maua mekundu, marefu kama tarumbeta. Akasema ni maua ya asali yale yale, niache kelele. Nikamfuata muuza miche mwenyewe. Kumbe mimea inayoitwa hivyo ni mingi: upo wa maua meupe yanayogeuka manjano, kama wetu, upo usiotambaa kabisa, kichaka tu, na huo mwekundu, mzuri wa kutazama, hauna harufu hata chembe. Kaka alielezwa yote hayo. Yeye alitaka rangi ifanane na geti.

Wa kutazama, kwa mama asiyeona. Najua pua ya Kaka imeziba tangu utoto, lakini na akili pia?

Tangu macho yamzimikie, maua yale yakianza kunukia Mama anajua jioni imeingia, anaomba shuka yake bila kuambiwa. Kaka akasema tunyamaze, hatajua.

Leo tulikuwa tumekaa naye wote wawili. Akasema taratibu, kama anayeomba radhi, kwamba sasa pua nayo imemwacha kama macho, tusihangaike kumpeleka hospitali. Siku zote hizi alikuwa amelibeba hilo peke yake.

Nilimwambia palepale. Akauliza nani aliung'oa. Kaka akavuta makamasi, na Mama akageuza uso upande wake. Hakuuliza tena.

Kile kipande cha mmea wetu ulichoondoka nacho kimeshatambaa barazani kwako. Kata vitawi, vifunge kwa kitambaa kibichi, uje navyo likizo hii. Picha usinitumie, haina harufu.

Nisalimie wifi, na mapacha uwabusu. Waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu awalinde, awaepushe na ndugu wenye haraka. Mama anasema ukifika usianze na maneno. Umsogezee ua puani kwanza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimefura hivi.