Nani Ashike Mnyororo

2 Februari

Kaka yangu,

Pokea salamu zangu na za mama. Hujambo huko? Sisi tupo, kwa kiasi cha watu wa nyumba hii. Mama anakula, analala, ananigombeza kwa jicho. Upande wake wa kulia haujaamka tangu kile kiharusi. Zamani daktari aliniambia nisubiri kidogo. Siku hizi ananiambia nijipe moyo, nami nimeshaelewa.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Juzi nilisogeza kabati la marehemu baba ili kiti cha magurudumu kipite, nikakuta nyuma yake ile kompyuta yetu kubwa, imefunikwa shuka. Nikaichomeka kwa masihara tu. Ikanguruma, ikakwama, ikawaka! Na mchezo wetu umo. Wale wasafiri watatu bado wamesimama palepale tulipowaacha utotoni, chini ya mlima, mbele ya lango la chuma: Bwana Upanga wako, Mganga tuliyemfanya awe mama, na Mpagazi wangu na furushi lake. Lango linafunguka mmoja akivuta mnyororo, na anayevuta hapiti, maana akiachia tu linashuka. Ulishindwa kuchagua wa kumwacha, ukazima mashine, ukasema macho yanakuwasha. Macho hayo!

Sasa la maana. Mwenzangu wa karakana ya ushonaji amepata kazi ya mapazia na mashuka ya hospitali, mji mwingine, miezi mitatu kuanzia Aprili. Ananitaka niwe mkataji. Tangu nilipofunga karakana nimuuguze mama, mkasi wangu unakata bendeji tu. Kaka, njoo ukae naye miezi hiyo. Ulisema una likizo zimelala.

Mdogo wako,
Chiriku

13 Februari

Chiriku wangu,

Salamu, na kwa mama pia. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila kazi imenikaba.

Umeniamshia mambo! Nimewauliza mafundi wenzangu wote wa lifti kama wanaukumbuka mchezo ule, wakanitazama kama nimepata homa. Hakuna anayeujua. Mwishowe nikampata mzee mmoja anayetengeneza mashine za zamani. Alikuwa nao, akaninakilia. Sasa nikitoka kazini nacheza mpaka macho yanauma. Zile sanamu za mazimwi mchezoni ni vidoti vitupu, na sisi tulikuwa tunaziogopa!

Kuhusu lango, usijisumbue. Mwache Mpagazi ashike mnyororo. Hana upanga, hana dawa, kazi yake ni kubeba tu.

Kuhusu kuja, nimekusikia. Ila msimamizi ana kisirani siku hizi, na kuna jengo jipya halijakabidhiwa. Tutaona. Vumilia, mdogo wangu, mvumilivu hula mbivu.

Kaka yako

21 Februari

Kaka,

Salamu. Hatujambo.

Barua yako nimeisoma nimekaa sakafuni, maana mgongo ulikataa kuinuka nilipomaliza kumwogesha mama. Nilimsomea ushauri wako. Unajua maneno yake sasa ni ya kuhesabu. Akafikiri, akasema, "Maji abebe nani?" Kisha akacheka kwa nusu ya mdomo, na mimi nikacheka, halafu nikaenda jikoni kulia.

Mpagazi ni mimi, kaka. Wewe ndiye uliyenipa, ukasema mdogo habebi upanga. Kubeba tu! Wewe kutwa unapandisha watu ghorofani kwa kubonyeza kitufe. Mama hana kitufe. Namkumbatia, namwinua, namgeuza, na akilowa naanza upya. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ulivyo mwepesi, njoo uubebe.

Nimechoka. Sikuambii kwa mafumbo. Nimechoka mpaka nikisikia mama ananiita, kitu cha kwanza moyoni ni hasira, na mama yangu nampenda.

Mnyororo sijauvuta.

Chiriku

6 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama anaendeleaje? Usinikasirikie.

Nimecheza nilivyokuambia, huku kwangu. Mpagazi akashika mnyororo, Upanga na Mganga wakapita. Kule ng'ambo ni jangwa tupu, na kisima kiko mbali. Nikataka kufungua furushi wanywe maji, hakuna furushi. Maji, taa, kamba, vyote vilikuwa mgongoni kwake. Wamekufa kabla ya kufika kisimani. Nimerudia mara kadhaa kwa njia tofauti, wanakufa tu. Upanga haunyweki.

Nimeona aibu, basi tuliache hapo. Msimamizi anasema labda Juni. Huyo mwenzako hawezi kusubiri?

Kaka yako

22 Machi

Kaka,

Salamu. Mama mzima.

Mwenzangu hawezi kusubiri, wala mimi siwezi. Nimemkubalia. Naondoka tarehe mosi Aprili kwa basi la asubuhi. Jirani wa mlango wa pili amekubali kukaa na mama siku mbili, si zaidi, ana wajukuu. Ufunguo uko kwake.

Ukimwinua, piga magoti kwanza, mikono yake ipite shingoni kwako, umwambie kabla hujamwinua. Hapendi kushtukizwa. Supu iwe vuguvugu. Asipotaka kula, zungumza mambo mengine, atafungua mdomo kwa kukupinga.

Mama nimemwambia. Alinishika mkono kwa ule wake mzima, akasema, "Nenda." Nimekushonea shuka la kitanda kilicho kando ya kabati la baba. Mashine nimeiacha mezani, wasafiri wako palepale.

Usinijibu barua hii. Njoo.

Mdogo wako

9 Aprili

Chiriku,

Salamu kutoka chumbani kwa mama. Mwenzako ndiye aliyenipa anwani hii. Unakula? Mkono wa mkasi haujasahau?

Nilifika tarehe tatu jioni, jirani ameshavaa viatu. Aliniambia maneno ambayo siyarudii. Msimamizi naye aliniambia yake. Mama alininunia siku nzima, kila kijiko anauliza, "Chiriku?" Leo amenigombeza kwa jicho, nadhani nimesamehewa.

Jana tuliwasha mchezo. Nilimweka Bwana Upanga kwenye mnyororo, Mpagazi na Mganga wakapita. Mama alikuwa anahesabu maji kwa vidole. Mmefika kisimani, mdogo wangu. Kuna kivuli na mahali pa kulala. Mama akasema nizime, nimgeuze upande.

Kaa huko mpaka kazi iishe, na ikiisha pumzika kwanza. Nipo.

Nina swali moja, nalo sikuulizi kwa utani. Leo asubuhi nimemtoa mama kitandani mpaka kwenye kiti, safari moja tu, nikalazimika kukaa chini na kuegemea ukuta. Ulikuwa unambebaje peke yako?

Kaka yako