Taa ya Muuza Mikate

Tarehe 9 Julai

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Vipi hali, vipi miguu, bado inavimba? Na huyo mgeni wa tumboni, bado anapiga mateke kama mwenye nyumba anayedai kodi? Mimi mzima. Mzima wa roho, tuseme hivyo. Sasa lala vizuri kama mkunga alivyokuagiza, usome taratibu, na usipige kelele ukashtua majirani.

Nimevunjika mguu.

Haya, umeshapiga kelele. Pole. Endelea kusoma, maana huku chini kuna mambo ya kuchekesha.

Safari ilianza vizuri mno. Pikipiki tano, wanaume watano, kila mmoja anajiona simba. Siku ya kwanza tu mwenzetu mmoja, tunamwita Mnene, akapata pancha mbili kabla ya chakula cha mchana. Kufika mtoni, akasema yeye atapita palepale katikati, wa kupita pembeni ni waoga. Pikipiki ikazama hadi kwenye tangi. Kulikuwa na mama anapasua kuni ng'ambo ya pili. Alitutazama tunavyosukumana kwenye tope, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda kwake, akaleta kamba ya ng'ombe na vijana wake wawili, wakatuvuta mmoja mmoja. Tulipotaka kumpa chochote akakataa, akasema, "Mmeshanilipa. Sijacheka hivi tangu mwaka jana." Baadaye mlinzi wa shule moja akatufungulia darasa tukalala juu ya madawati. Ubaoni palikuwa pameandikwa majina ya wapiga kelele, na Mnene akaongeza lake.

Yangu ni kwamba nilisimama kufunga mzigo uliokuwa unalegea, nikawaambia wenzangu watangulie. Nilipokuwa nawafuata, tairi la mbele likapanda jiwe, nikaenda mtaroni na pikipiki juu yangu. Hakuna wa kulaumiwa. Jioni akapita muuza mikate kwa pikipiki yake yenye kreti, akaniokota, akanileta kwake. Yeye na mkewe wana tanuri nyuma ya nyumba, nami nimelazwa chumba kinachopakana na tanuri, kwa hiyo baridi siijui na njaa siijui. Tabibu wa zahanati ameufunga mguu kwa vipande vya mbao.

Simu yangu ilipondeka. Na hata ningekuwa nayo, mtandao huku mpaka upande kilimani. Barua hii anakuletea dereva wa lori la unga, anayeshusha hapa na kurudi huko kwetu. Mpe majibu yeye.

Msalimie shemeji. Mwambie asijali.

Ni mimi mdogo wako

*

Tarehe 17 Julai

Mdogo wangu,

Nimekusalimu kwa machozi, ndiyo salamu iliyopatikana. Hujambo baba? Mguu je? Unalala? Mimi na mgeni wangu hatujambo, ila mkunga akijua nimeketi kuandika barua ndefu hivi atanifunga kamba kitandani. Saluni wanaiendesha wale wasichana wawili, na jana wamemchoma mteja sikio. Tuyaache hayo.

Shemeji yako alirudi toka safari yenu kabla ya barua yako. Akaoga, akala kidogo, akaniambia umebaki huko kwa kuwa umepata kazi ya kufunga umeme kwenye shule. Nikafurahi! Nikamtambia jirani kwamba mdogo wangu hata akienda kutembea anarudi na kazi. Halafu dereva wa unga akagonga mlango, mweupe mpaka kope, nikasoma hayo niliyoyasoma. Nikampa shemeji yako barua. Akaisoma amesimama, akasema, "Anatania huyo, unamjua." Nikamwambia mtu hatanii mguu wake.

Sasa nina wanaume wawili na hadithi mbili, na zote mbili zinanuka. La kuvunda halina ubani. Wewe nimekulea tangu mama alipotutoka, nakujua. Ukisema ukweli unalalamika. Ukianza kunichekesha, ujue kuna kitu umekivunja.

Kumbuka mlivyonijia hapa mezani kuomba ruhusa, wewe na yeye, mmejiinamia kama watoto wa shule. Mkaniambia msafara wenu una sheria: kila mtu anamchunga aliye nyuma yake. Mkifika njia panda, unasimama mpaka uione taa yake, ndipo unaondoka. Nikauliza, asipotokea je? Mkajibu kwa pamoja, "Unarudi." Niliwaruhusu kwa ajili ya neno hilo tu, na kwa sababu yeye alisema, "Nitamrudisha mzima."

Basi nijibu. Aliyekuwa mbele yako ni nani?

Naogopa kuuliza, maana pikipiki yake ameifunika turubai na hajaigusa tangu arudi. Chakula anakigeuzageuza tu. Mtu kazi yake kufundisha udereva, kutwa anawafokea wanafunzi "kioo! tazama nyuma!", sasa mimi mkewe hawezi kunitazama usoni.

Usinifiche kwa sababu ya tumbo. Mficha uchi hazai, na mimi nazaa karibuni, kwa hiyo usinifanyie nuksi. Nakutumia shuka, shati mbili na dawa za maumivu.

Dada yako anayekupenda, na aliyekasirika

*

Tarehe 29 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Leo nakuamkia kwa adabu kwa sababu sina nguvu ya utani. Natumaini wewe na mtoto mko salama. Shati zimefika, zilinitosha, sasa zinanipwaya.

Mimi si mzima. Mfupa ulitoboa ngozi, hilo sikukuambia. Kidonda kikaharibika. Mwenye mikate alipoona naongea mambo yasiyoeleweka akanipakia kwenye lori la unga juu ya magunia matupu, wakanileta hospitali kubwa ya huku. Daktari anasema mguu ukatwe chini ya goti. Anasubiri dawa ishushe homa kwanza. Nilimuuliza kama fundi umeme wa mguu mmoja anapanda nguzo. Akaniambia tuanze na kuishi.

Sasa ukweli wako. Mbele yangu alikuwa shemeji. Kwa kawaida yeye, Kapteni wetu, hukaa mbele kabisa, lakini siku hiyo alikuja nyuma makusudi anichunge, kwa ajili ya ahadi aliyokupa. Sikumwambia atangulie, hapo nilidanganya. Alifika njia panda akasimama kama sheria inavyosema. Mimi nilikuwa nimeshaanguka. Muuza mikate akatokea kwenye kijia cha pembeni, kati yangu na yeye, akaingia barabara kuu na taa yake inawaka. Vumbi lilikuwa limetanda, huoni kitu ila taa. Shemeji akaona taa, akapunga mkono, akaondoka. Mwenye mikate alidhani anasalimiwa, akapunga pia. Amenisimulia hayo mwenyewe, na kila akisimulia anajipiga paji la uso: "Laiti ningeizima ile taa!" Nilikaa mtaroni mpaka alipomaliza kugawa mikate yake na kurudi kwa njia ile ile.

Hilo nimelisamehe, Dada. Hata mimi ningeondoka. Na kwamba hakurudi jioni ile pia naelewa, maana mvua ilinyesha njia ikawa uji.

Lakini kuna jambo mke wa mwenye mikate aliniambia juzi, alipokuwa ananiosha. Asubuhi iliyofuata, wakati tabibu ananinyoosha mfupa, mtu mwenye viatu virefu vya pikipiki alisimama getini. Akauliza, "Huyo aliyeokotwa yu hai?" Mama akamjibu yu hai, ingia. Yule mtu akasema, "Nawaita wenzangu, nakuja." Hakurudi. Mama alidhani ninajua.

Nimekaa na hilo kifuani mpaka limenishinda. Wenzetu nadhani shemeji aliwapa hadithi ya kazi ya shule, wakaondoka roho zao nyeupe.

Pamoja na hayo nina ombi, usinishangae. Mtu wangu ni wewe peke yako duniani, na wewe huwezi kunyanyuka. Nitumie mumeo. Watu hawa wa mikate wamenitendea mema kuliko ndugu, lakini sitaki kukatwa mguu pasipo mtu wangu hata mmoja ndani ya jengo hili. Naogopa, Dada. Naogopa sana. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha pikipiki, ndiye aliyenipeleka siku ya kwanza kazini. Mwambie aje.

Mdogo wako

*

Tarehe 1 Agosti

Mdogo wangu, mwanangu,

Sijui nikusalimu vipi. Uko hai? Basi nashukuru. Mimi nimelia mpaka mkunga ameitwa. Kasema mtoto yuko sawa, mama yake ndiye hana akili.

Nilimsomea barua yako kwa sauti, neno kwa neno, na nilipofika getini nikasoma mara mbili. Akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule. Akakiri yote. Amesema yule mama alipompa kisogo aliingia mpaka kwenye kona ya nyumba, akasikia unavyolia unanyooshwa mfupa. Na alisikia unamwita, "Kapteni! Kapteni!" Amesema miguu yake ilikataa. Akajiambia atarudi mchana, mchana akajiambia jioni, na kila alivyochelewa ndivyo ilivyokuwa vigumu. Uongo ule wa shule aliutunga njiani.

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nikamwambia, uoga ni wa kila mtu, hata mimi naogopa kuzaa, lakini mtoto hataniuliza kama niko tayari. Nikamwambia mdogo wangu amekuomba wewe. Amekuomba! Mtu uliyemwacha!

Anaondoka asubuhi hii na lori la unga. Pikipiki amesema haigusi. Barua hii iko mfukoni mwa shati yake, nimeitia mimi kwa mkono wangu, na nimemwambia akukabidhi yeye mwenyewe, asimpe dereva. Ukiipata kwake, ujue nyumba yangu bado ina mwanamume. Asipofika, asirudi, nguo zake atazikuta nje.

Nakushika mkono kutoka hapa. Ukihisi mtu amekushika, ni mimi.

Dada yako

*

Tarehe 12 Agosti

Dada yangu mpenzi,

Umezaa? Niambie upesi. Kama bado, soma barua hii umelala, na mtu awe karibu nawe.

Barua yako niliipokea kwa dereva wa unga.

Aliiweka juu ya shuka, akatazama dirishani, akaondoka bila hata kunywa maji. Niliisoma mwenyewe, mpaka ulipoandika "asipofika". Dada, siku hiyo sikuogopa tena kisu. Nilitaka tu wanitoe kwenye kitanda kile.

Walinikata kesho yake. Mwenye mikate alizima tanuri, na watu wake wote siku hiyo hawakula mkate, akaja na mkewe wakakaa nami mpaka nilipoingizwa. Alinishika mkono huu wa kulia. Wa kushoto nilikuachia wewe. Nilipozinduka walikuwa wapo palepale, yule mama anaomba dua na mumewe anakoroma. Mguu unaniwasha kwenye vidole ambavyo sina tena. Nguzo sipandi tena, hilo nimelilia mbele ya nesi bila aibu.

Baada ya siku kadhaa yule mama aliniletea chai, akasita mlangoni. Akasema, "Yule wa viatu yuko nje." Nikauliza tangu lini. Akasema tangu lile lori la unga lilipofika. Anashinda kwenye benchi la wanaosubiri dawa, akifukuzwa na mlinzi anazunguka anarudi. Yeye mama alimtambua siku ile ile, akawa anampelekea mkate kila asubuhi, kwa maana, alisema, "mwenye njaa simuulizi alichofanya." Nikamtuma amwite. Akarudi peke yake. Amekataa kuingia.

Nikaomba kiti cha magurudumu. Nesi akagomba, kidonda kibichi hiki unakwenda wapi? Nikamwambia nakwenda kumchukua mtu wangu. Wakanisukuma mpaka nje.

Amekonda, Dada. Ndevu zimemwota ovyo. Alinikazia macho usoni, hataki kuyashusha. Nikamwambia, "Tazama." Akatazama. Akalia kwa sauti mpaka foleni nzima ikageuka.

Nikamuuliza, "Ulinisikia nakuita?"

"Nilikusikia."

"Mbona hukuingia?"

"Nilijua unakufa. Sikuweza kuona."

"Kwa hiyo nife na watu nisiowajua?"

Nikanyanyua mkono nimzabe kibao, kwa nguvu zangu zote. Kiti kikarudi nyuma, nikamkosa, nikawa nateremka kwenye mteremko wa kuelekea barabarani. Yeye ndiye aliyekidaka. Tukabaki hivyo, mimi natukana, yeye ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili.

Sasa analala chini kando ya kitanda changu. Ananisafisha, ananibeba kwenda chooni, anaamka nikikohoa. Haongei sana nami simsaidii kuongea. Kuna saa namwona nataka kumkumbatia, na kuna saa nikimwona tu moyo unapasuka upya. Usiniulize nitakuwa nani kwake tukirudi, sijui. Mlango wako ni wako, Dada. Mfungulie au mfungie, mimi siko upande wa mtu, na wewe unayo haki zote mbili.

Mimi langu nimelifanya. Nimemwambia sijamsamehe, na nimemwambia asiondoke.

Mdogo wako