Mume wangu bafuni

Shoga, pokea simu!

Unajua nimeimba nyimbo za Kifaransa tangu utotoni, na mume wangu huapa hajui hata neno moja. HATA MOJA.

Sasa hivi nimemsikia bafuni akiimba ubeti wa pili wa ule wimbo ninaofungia shoo. Matamshi yamenyooka kuliko yangu!

Nikamuuliza, "Nani kakufundisha?"

"Nimezoea kukusikia tu, mke wangu."

Mwongo! Mimi nyumbani huimba kiitikio tu, na kwenye shoo zangu yeye haji. Huo ubeti kautoa wapi?

Nikamtega kwa Kifaransa: "Ni mwanamke?"

Akajibu kwa Kifaransa hicho hicho, "Hapana, mpenzi." Kisha akaziba mdomo.

Shoga. Yale yote tuliyomsema kwa Kifaransa pale mezani, naye akitumiminia chai huku akitabasamu!