Orodha au Ukumbi

Jumatatu, 3 Mei 1999
Nimefungua kompyuta ya ofisi kabla wakubwa hawajafika. Barua pepe zimejaa tena. Laini ya simu ilishikwa hadi Njoki wa mapokezi akalalamika kwamba wageni hawawezi kupiga hotelini. Kumbe mtoto wa mama mmoja wa Tanga ametoka hospitali, na kila mzazi ameiandikia orodha yetu nzima, ile ya barua pepe za wazazi, "Alhamdulillahi". Neno moja, barua nzima. Mwalimu Hamisi wa Majoreni kaanza kwa kutusalimu sote, wakubwa kwa wadogo, ndipo akafika kwenye Alhamdulillahi. Mungu anisamehe, nilisonya.

Lakini bila watu hawa ningekuwa wapi? Sikuwa namjua mzazi mwingine hata mmoja mwenye mtoto wa selimundu, huu ugonjwa wa damu. Nilidhani binti yangu Mwende analilia mifupa kwa kudeka. Wao ndio walionifundisha maji mengi, sweta siku za mvua, dalili za kukimbilia daktari. Nawashukuru kila siku. Ila wanaandika mno.

Alhamisi, 6 Mei
Bi Zuhura, muuguzi aliyeko Muscat, ndiye aliyeanzisha orodha. Sasa ametutengenezea ukumbi kwenye tovuti, tuujaribu. Kila jambo na mahali pake: dawa, shule, maumivu. Unaingia unapotaka, unasoma unachotaka. Nadhifu kama kabati la mashuka. Kura tarehe 22. Mimi nimeshasema: ukumbi.

Mwalimu Hamisi hataki. Anasema barua humfuata alipo. Karani wa mradi wa maji Msambweni huzipokea jioni, huzichapa, humpa yeyote anayekwenda Majoreni. Mashine yao inapokea barua tu, tovuti haifungui. Nikamjibu kwamba watu wote hawawezi kumsubiri mtu mmoja. Hata salamu sikuweka.

Jumanne, 11 Mei
Mvua tangu juzi. Mwende ana homa, macho ya manjano, hataki kuguswa miguu. Njoki katuombea gari la hoteli. Tumelazwa Msambweni.

Jumatano, 12 Mei
Damu yake imeshuka vibaya. Ya kundi lake hospitali haina. Daktari anataka ndugu waje kutoa. Mimi na mume wangu Mutua hatufai, kila mmoja wetu amebeba nusu ya ugonjwa huu. Ndugu zetu wako Kitui. Nimempigia Njoki kutoka kibanda cha simu aandike ombi. Ukumbini, nikasisitiza, lisije likapotea katikati ya salamu.

Alasiri nikapiga tena. Hakuna jibu, Njoki akasema. Hakuna aliyeingia huko. Mwende anapumua kwa shida. Naogopa.

Alhamisi, 13 Mei
Asubuhi mtu mrefu, kanzu imelowa pindoni, alisimama mlangoni mwa wodi akiuliza Mama Mwende ni yupi. Mwalimu Hamisi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza habari za mtoto, za baba yake, za nyumbani, za kazini. Nilizijibu moja moja.

"Damu yangu mimi haifai, kama yako," akasema. "Lakini majirani zangu nimekuja nao."

Watatu, wamesimama ukumbini mwa hospitali, wanadondokwa maji ya mvua. Walitoka Majoreni alfajiri. Damu ya kijana mmoja, Salim, ndiyo iliyolingana na ya Mwende.

Baadaye nilipata laini nikampigia Njoki. "Usikasirike, Ruth," akasema. "Hiyo tovuti ilikuwa imekufa tu. Ikabidi niwatumie ombi watu wa orodha wote." Nikasirike! Ningekuwa karibu ningembeba.

Mwaka juzi, wakati wa vurugu za hapa Pwani, sisi wa bara tulilala kanisani tukiambiwa turudi kwetu. Nimeishi na kinyongo kwa watu wa huku tangu hapo, nikidhani nakificha. Leo nimekaa nikitazama damu ya mtu wa Majoreni ikiingia kwa mwanangu, tone kwa tone. Nimelia, na sikujali nani ananiona.

Jumapili, 16 Mei
Ameomba chapati! Kakula nusu. Asante Mungu.

Jumamosi, 22 Mei
Kura. Nimeipigia orodha. Nimemwomba Mwalimu radhi mbele ya wote na kueleza yaliyotokea. Orodha inabaki. Ushauri wa zamani Bi Zuhura atauhifadhi ukumbini, kwa wenye kuweza kuufungua. Karani wa Msambweni ameomba karatasi zaidi za kuchapia. Nimemwahidi za hoteli zilizoandikwa upande mmoja.

Jumapili, 23 Mei
Baada ya ibada tumekwenda Majoreni, na sukari na mchele. Mke wa Mwalimu katukaribisha mkekani. Salim akaitwa. Alikuja na haya, akakaa pembeni, akauliza tu kama mtoto anakula.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani Ukunda. Kabla sijaanza, Mwende akaenda kukaa karibu naye, akataka kuuona mkono uliotolewa damu. Salim akakunja shati. Hapakuwa na alama yoyote. Mwende akaugusa mkono ule, akasema ahsante.